Mfugaji wa Mlimani Anauliza

Pikipiki ya Filemon naijua kwa mlio tangu inapokata kona ya kanisani, na kwa miaka miwili mlio huo ulinifanya nivue kilemba cha kazi na kujifuta uso kwa upindo wa kanga. Jumanne ile nilifanya kinyume. Nilikaza kilemba, nikavuta kigoda ubavuni mwa Shukrani, ng'ombe wetu mkubwa, nikaanza kumkamua wakati saa yake ilikuwa bado. Shukrani aligeuza shingo akanitazama vibaya. Nilitaka tu mikono yangu ionekane ina kazi.

Jana yake asubuhi nilikuwa nimemtumia ujumbe. "Filemon, tuachane kwa amani. Usinitafute. Usiulize sababu." Maneno saba, na yote niliyaandika nikilia. Kisha nikazima simu, nikaitumbukiza kwenye gunia la pumba, nikadhani nimemaliza. Mtu mwenye hofu huona kuzima simu ni dawa.

Sikusikia akifungua lango. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, koti lake la kazi limejaa vumbi la njia ya Himo, na hakuwa na begi la dawa. Filemon ni bwana mifugo wa kata yetu, hajawahi kuingia kwenye banda la mtu bila begi lile. Mkononi alikuwa ameshika jani moja refu la sale.

Hapo ndipo woga uliponishika kweli. Huku kwetu Kilema sale haliletwi kwa mchezo. Mtu aliyekukosea kosa kubwa, lile ambalo maneno matupu hayalifuti, anakuja na jani hilo mkononi. Ukilipokea umesamehe, na kulikataa ni jambo ambalo watu wanaogopa kulifanya. Lakini Filemon hakuwa amenikosea. Mimi ndiye niliyemwacha. Tena yeye si Mchaga. Wazazi wake ni watu wa Singida, na yeye alizaliwa kule chini kambini, kwenye mashamba ya miwa, ambako baba yake ameendesha trekta miaka thelathini.

"Nani kakufundisha hilo?" nilimuuliza bila kuacha kukamua.

"Nimefanya kazi huku miaka minne, Leonia. Nina macho."

"Nilikuambia usinitafute."

"Ukaniambia na nisiulize sababu. Siulizi. Sababu naijua."

Maziwa yalikosa ndoo, yakanimwagikia kwenye buti.

Alizunguka, akachuchumaa upande wa pili wa ng'ombe, ikawa namwona uso kwa chini, tumbo la Shukrani likiwa juu yetu. Macho yake yalikuwa mekundu na yamevimba. Nilitaka kunyoosha mkono nimguse, nikaukaza kwenye chuchu.

"Ng'ombe wako anaendeleaje?" aliuliza. "Yule mwenye uvimbe wa kushoto."

Hapa inabidi nieleze, msije mkaniona mwehu.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, nikiwa naoga, vidole vyangu vilikuta kitu kwenye titi la kushoto. Kigumu, ukubwa wa buni mbichi, hakiumi, hakisogei. Mimi nakamua tangu nina miaka tisa. Vidole vyangu vinajua kiwele kizima na kiwele kibovu kabla macho hayajajua. Viliniambia, nami nikavikatalia, nikamaliza kuoga, nikaenda kanisani nikaimba mpaka mwisho.

Kwenda hospitali maana yake ni kumwambia mtu. Muuguzi wa zahanati yetu yuko kwaya moja na mama yangu. Basi nikaenda kwa watu wasionijua. Kwenye kundi moja la afya la mtandaoni nilijiita Mama Junior, mimi ambaye sina hata huyo Junior, nikauliza. Ndani ya saa moja nilikuwa na majibu arobaini. Mmoja alisema ni homoni, ninywe maji. Mwingine alisema nimerogwa na mwanamke wa ofisini kwetu, na mimi ofisi yangu ni banda. Mwingine alinisimulia dada yake alivyokufa, hatua kwa hatua, mpaka rangi ya shuka. Sita waliniita inboksi.

Nilimfuata mmoja tu, anayejiita Mama Tiba. Aliniuliza maswali mawili, kisha akanitumia kwa basi kikopo cha dawa nyeusi ya kupaka. "Itachoma," aliandika. "Ikichoma ujue inakula ugonjwa. Usimwambie mtu, na hospitali usiende, watakukata titi." Niliijaribu kidogo juu ya kifundo cha mkono. Ilichoma kweli, nikapiga magoti. Nikakificha kikopo na kuendelea kuogopa.

Ndipo nikafanya lile nililolifanya. Kuna kundi la wafugaji wa maziwa, maelfu ya watu kutoka Njombe, Tanga, Mbeya, kila pembe ya nchi. Kule watu hawarogani. Ukiuliza unajibiwa ulichouliza. Jumapili baada ya misa nilijiita Mfugaji wa Mlimani, nikaandika: "Nauliza kwa heshima zote. Ng'ombe wangu ana uvimbe upande wa kushoto, ukubwa wa buni mbichi, mgumu, hauumi, hausogei, ngozi ya juu imeanza kubonyea ndani. Je, atapona?"

Alinijibu mtu anayejiita Mshauri wa Ndama, mwenye picha ya ndama mwenye doa jeupe usoni. Nilimwamini. Majibu yake nilikuwa nikiyasoma siku nyingi, ni mafupi na hayana makeke.

"Chuchu ipi?" aliuliza.

"Ya kushoto," niliandika.

"Amezaa mara ngapi?"

"Hajazaa."

Zikapita dakika mbili hivi. Kisha akaandika: "Uvimbe wa hivyo usiouma hauna heri. Na kama hajazaa, usijichoshe na matibabu. Mtoe kundini mapema kabla hajakonda."

Watu kumi na saba walimwekea dole gumba.

Niliisoma sentensi ile nimekaa kwenye ngazi ya nyumba, mama yangu akichambua maharage pembeni yangu na kunilalamikia bei ya mashudu. Mtoe kundini. Sikulia hata tone, niliendelea kuitikia habari za mashudu. Kesho yake nikajitoa mwenyewe. Nilimwandikia Filemon yale maneno saba ili asije akaoa mtu wa kuzika.

"Ng'ombe gani?" nilimjibu sasa chini ya tumbo la Shukrani. "Ng'ombe wangu wote wawili ni wazima."

"Najua. Niliwapima Alhamisi." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ng'ombe ana chuchu nne, Leonia."

Niliacha kukamua.

"Uliulizwa ipi, ukajibu ya kushoto. Mfugaji angesema ya mbele kushoto, au ya nyuma kushoto. Asingeweza kusema vingine. Anayejibu ya kushoto basi, huyo anazo mbili."

Kwa wiki tatu nilikuwa nimekilinda kitu hiki kuliko chochote nilichowahi kukilinda, na sasa kilikuwa mdomoni mwa mtu wa mwisho niliyetaka akijue.

"Kumbe na wewe unasoma kundi lile," nilisema.

Alitoa simu, akaipitisha chini ya ng'ombe mpaka usoni pangu. Niliona picha ya ndama mwenye doa jeupe.

"Huyu ndama alizaliwa Sanya Juu," alisema. "Alikuja kwa miguu ya nyuma, nikamvuta kwa mikono yangu hii, akapona. Nikapiga picha yake nikaiweka. Leonia, Mshauri wa Ndama ni mimi. Mimi ndiye niliyekuandikia utolewe kundini."

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua kigoda kilianguka na Shukrani akarusha mguu, na ndoo ikalala na maziwa yake yote.

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulikuwa unafanya nini? Ulipokuwa unaandika yale, ulikuwa unafanya nini?"

Alishusha kichwa. "Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Leonia."

"Nataka kujua. Mimi nilikuwa nimekaa na mama pale ngazini. Wewe ulikuwa unakula nini?"

"Mtori. Pale mjini, karibu na stendi. Nilikuandikia kwa mkono mmoja."

Nilicheka, na kile kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Filemon alikuja upande wangu akataka kunishika, nikamsukuma kifuani kwa mikono miwili yenye maziwa. Alirudi hatua moja tu. Alibaki na alama za vidole vyangu kwenye koti.

"Leo mchana nilikuwa nausoma ujumbe wako wa kuachana," alisema. "Naurudia, natafuta kosa langu. Nikalikosa. Nikafungua kundi ili nisahau. Nikakutana tena na swali la Mfugaji wa Mlimani. Buni mbichi. Nani mwingine anapima vitu kwa buni mbichi? Na hiyo kwa heshima zote, wewe unaiandika hata ukiomba chumvi. Nikasoma pale ulipojibu ya kushoto. Nikawasha pikipiki nikaja, hata begi nikalisahau."

"Basi umejua. Ulisema kweli. Fanya ulichoshauri."

"Sikusema kweli." Alikaza sauti kwa mara ya kwanza. "Wala sikusema uongo. Nilisema jambo la mgonjwa nisiyemshika. Hata ng'ombe wa kweli nisingejua bila kumshika kiwele. Miaka mitatu nawajibu watu nisiowaona. Wananishukuru, wananiita daktari. Nikazoea."

"Na wale uliowaambia watapona, walipona?"

"Sijui. Harudi mtu kusema."

Alitaka kuendelea, kisha macho yake yakatua kwenye mkono wangu. Nilikuwa nimeviringisha kitambaa juu ya kifundo, na katika kusukumana kilikuwa kimelegea.

"Hicho nini?"

"Nimeungua na sufuria."

"Sufuria haichomi duara." Alinishika mkono, safari hii kwa nguvu, akafunua. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa shilingi, cheusi katikati, pembeni pekundu. "Umepaka nini? Leonia, nakuomba, umepaka nini?"

Nilienda kwenye gunia la pumba. Chini ya simu iliyozimwa kulikuwa na kile kikopo. Alikifungua, akakisogeza puani, akakirudisha mbali haraka.

"Umepaka na wapi tena?"

"Bado. Nilipanga leo, nikimaliza kukamua."

Alikaa juu ya mzigo wa majani, kikopo mkononi.

"Kwenye begi langu nina dawa ya kuua pembe za ndama," alisema. "Unaiweka kwenye kitumba cha pembe, inakula kushuka chini. Ndama analia siku nzima. Humu ndani sijui kuna nini, sitajifanya najua. Lakini kidonda cha hivi nimekiona mara nyingi, na kila mara kilikuwa kwenye kichwa cha ndama."

"Alisema inakula ugonjwa."

"Inakula chochote ilichokikuta."

Nilijishika titi juu ya nguo, palepale mbele yake, bila haya yoyote. Ilikuwa imebaki ndoo moja ya maziwa kati yangu na kikopo kile. Meno yangu yalianza kugongana jua likiwa bado linawaka juu ya migomba.

"Nani kakata sale la kaburini?"

Ilikuwa sauti ya mama. Mama yangu Dominika hana ubaya na Filemon kama mtu. Anampa chai, anampa mkungu wa ndizi aende nao kwao kambini, anampokea vizuri kwa habari za ng'ombe. Asilolikubali ni mimi kuolewa naye, na sababu yake ni moja, ameirudia tangu mwaka juzi: Filemon hana kihamba, shamba la ukoo tunamolima na kuzikana. Familia yake haina hata mgomba mmoja wa kusema huu ni wetu. "Sasa wewe utazikwa wapi?" huniuliza. "Kwenye makaburi ya kambi, na watu usiowajua?" Zamani swali lile lilikuwa likinichekesha.

Filemon alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza swali."

Alilitazama jani mkononi mwake. "Nilikata pale chini kwenye migomba, mama. Penye masale mengi."

"Pale ni kwa bibi yake Leonia. Pale amelala Margareta. Msalaba hukuuona?"

"Sikuuona. Nilikuwa sioni vizuri."

"Masale ya mpakani yamejaa, wewe umekwenda kumvunjia marehemu." Mama aliingia ndani, akaona ndoo iliyolala, akaona maziwa sakafuni, akaniona mimi. Sauti ikabadilika. "Na umemletea nani? Umemfanya nini mwanangu mpaka unaleta sale? Leonia, una mimba?"

"Natamani ingekuwa mimba, mama."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Nadhani alijua kabla sijafungua mdomo. Mimi nilikuwa bado sijawahi kuyatamka maneno yale kwa sauti, hata peke yangu.

"Nina uvimbe kwenye titi."

"Lipi?"

"La kushoto."

"La kushoto," alirudia. Aliushika mti wa banda, akajishusha polepole mpaka akakaa kwenye hori la kulishia. "La bibi yako lilikuwa la kulia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mliniambia bibi alikufa kwa kifua."

"Si ndicho hicho kifua." Alikuwa anaongea akitazama nje, kule masale yalipo. "Alilifunga kitambaa miaka miwili. Nguo zake zote nilikuwa nafua mimi, isipokuwa kile kitambaa. Alikifua mwenyewe na kukianika chumbani. Nilikiona. Sikuuliza. Mimi ni mke wa mwanawe, ningeanzia wapi kumuuliza mama mkwe habari za titi lake? Tulipomfikisha hospitali, daktari alituuliza swali moja tu, mlikuwa wapi."

"Na mimi ukanificha."

"Na wewe umenificha mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Tunalala nyumba moja, Leonia. Umekwenda kumwambia nani?"

"Watu wa kwenye simu."

"Wanakujua?"

"Hapana. Ndiyo maana."

"Sasa kama hawakujui, walijuaje unaumwa nini?"

Nilitazama maziwa sakafuni. Filemon pia alitazama chini, maana swali lile lilimpata na yeye.

"Mama," Filemon alisema, "kesho alfajiri nampeleka Moshi, hospitali. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Watamkata."

"Sijui, mama."

"Ni ule ugonjwa?"

"Sijui. Kuanzia leo, nisilolijua nasema silijui. Ninalojua ni kwamba dawa hii haitapakwa." Aliweka kikopo mfukoni mwake na kukifunga kifungo.

Mama alimtazama juu mpaka chini, koti la vumbi, alama za vidole vya maziwa kifuani, jani la kaburi mkononi. Nilijua swali linalokuja. Nilitaka kumzuia na sikuweza.

"Na asipopona?" aliuliza. "Nikuulize wewe mwenyewe leo. Mwanangu atazikwa kambini?"

"Hapana, mama. Atazikwa hapa, kwa bibi yake, hata akiwa mke wangu wa ndoa. Nitaandika mbele ya wazee na baba yangu atasaini. Lakini kesho twende kwanza hospitali."

"Jamani," nilisema, "mimi nipo hapa nasikia. Mnanigawana nikiwa hai."

Hakuna aliyecheka, lakini mama alitoa pumzi iliyokuwa imemkaa tangu aingie. Aliinuka, akachukua ndoo iliyoanguka, akaisuuza kwa maji ya pipa, akanirudishia.

"Mmalizie huyu ng'ombe, usimwache nusu, atapata ugonjwa wa kiwele," alisema. Kisha, akiwa mlangoni, bila kugeuka: "Na hilo sale lipokee. Limeshakatwa."

Filemon alinyoosha mkono. Nilimtazama mwanaume yule aliyenihukumu huku akinywa mtori, na moyo wangu, ambao nilikuwa nimeufungia gunia moja na simu, ulimkimbilia wote. Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda kuliko siku zote. Nilipokea jani. Aliegemeza paji la uso wake kwenye langu, tukabaki hivyo mpaka Shukrani akalalamika.

Hospitali tulifika saa mbili kasoro asubuhi, sisi watatu. Mama alivaa gauni lake la Pasaka. Njia nzima kutoka mlimani nilishika titi langu chini ya kanga, kana kwamba lingeanguka.

Muuguzi alifungua daftari. "Mwenye mgonjwa ni nani?"

"Mimi ni mama yake," mama alijibu. Filemon alikuwa amesimama nyuma kidogo, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta mzigo wa wengine. Mama alimtazama. "Na huyu," alisema. "Huyu ni wetu."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mikono yake ya baridi. Alinishika kila mahali, kushoto, kulia, makwapani, taratibu, macho yake yakiwa ukutani, kama ninavyofanya mimi nikimpima ng'ombe. Vidole vilipofika pale vilisimama.

"Ni nini, daktari?"

"Sitakuambia ni nini wakati sijui," alisema. "Tutapiga picha, na nitachukua kinyama kidogo kwa sindano. Majibu Jumanne."

"Lakini kwa kuangalia tu?"

"Kwa kuangalia tu watu wengi wameshakuambia mambo mengi, naona." Alikuwa anakitazama kidonda cha mkononi. "Umefanya vizuri kuja. Hicho kidonda tutakisafisha. Sindano itauma kidogo, mshike mama."

Iliuma. Nilimshika mama, na mama akanishika kwa nguvu kuliko mimi.

Baadaye tulikaa kwenye benchi la nje kusubiri karatasi. Niliwasha simu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Pumba zilimwagika kwenye sketi. Kundi la wafugaji lilikuwa na majibu mapya sitini na tatu. Wengi walisema muuze. Wachache walisema chinja. Wa mwisho alikuwa mtu wa Njombe: "Mfugaji wa Mlimani, ulimtoa? Tupe mrejesho na sisi tujifunze."

Nilimpa Filemon asome. Alitoa simu yake, akaandika kwa mikono miwili, akifuta na kuanza upya. Nilisoma begani kwake.

"Mimi Mshauri wa Ndama nilijibu vibaya. Nilijibu kabla ya kumshika. Huyu hatolewi kundini. Amepelekwa kwa wanaojua, anasubiri vipimo, na mimi nasubiri naye."

Mtu wa Njombe alijibu palepale. "Kaka, kazi yote hiyo kwa ng'ombe mmoja?"

"Ndiyo," Filemon aliandika, akazima simu.

Sitawadanganya kwamba hofu iliondoka. Ilikuwa imekaa nami pale benchini na ingepanda nami mlimani jioni. Nikauchukua mkono wa Filemon nikahesabu siku kwenye vidole vyake. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Vidole vikaisha na Jumanne ilikuwa bado. Mama, upande wangu wa pili, alikuwa akinitazama nikihesabu. Alinyoosha kidole chake kimoja akanipa.